Kuongeza Wi-Fi kwenye kisomaji cha vitabu kisichokuwa nayo: njia ipi ina mashiko?

Karatasi_Pana:

Habari zenu wakuu. Nina kisomaji cha vitabu aina ya Sony PRS-505, kile kilichotoka mwaka 2007, na hadi leo kinafanya kazi vizuri kabisa. Kioo chake cha inchi 6 cha wino wa kielektroniki, chenye nukta 800 kwa 600, bado ni safi, vitufe vya kufungulia kurasa vinaitika, na kwa kuwa kilipata masasisho ya programu ya mwaka 2008 kinasoma faili za EPUB, muundo wa kawaida wa vitabu vya kielektroniki, bila shida. Sioni sababu ya kukitupa. Kasoro yake ni moja tu, nayo ni kwamba kilitengenezwa bila mtandao wa aina yoyote, kiasi kwamba kitabu hakiingii ndani yake ila kwa kebo ya USB au kwa kadi ya kumbukumbu.

Anayekitumia ni baba yangu, ambaye macho yake hayastahimili tena mwanga wa simu. Husoma kila siku, lakini kompyuta haigusi, na mimi siishi naye. Kila nikimtembelea namjazia vitabu, na vikiisha hukaa akirudia vilevile mpaka nije tena. Ninachotaka ni kwamba kitabu nikikiweka kwenye seva yangu kimfikie pale alipo, bila yeye kulazimika kujifunza jambo jipya lolote.

Njia zilizonijia akilini ni tatu. Ya kwanza ni kukifungua na kulehemu moduli ndogo ya Wi-Fi, mfano wa ESP8266 au ESP32, kwenye poti ya siriali (njia rahisi ya nyaya chache ya kutuma na kupokea data) ambayo naamini ipo mahali fulani kwenye bodi. Ya pili ni kutumia tundu lake la USB kuchomekea kidude cha Wi-Fi kama vile vinavyotumika kwenye kompyuta. Ya tatu ni kutumia kadi ya SD yenye Wi-Fi ndani yake, kwa sababu kifaa hiki kina upenyo wa kadi ya SD. Kulehemu najua, multimita ninayo, na Linux naitumia kwa mstari wa amri bila woga. Naomba mnieleze ni ipi kati ya hizo inayotekelezeka kweli, na mambo ya betri na antena niyapange vipi, hasa kwa kuwa ganda la kifaa hiki ni la alumini.

Mkondo_Mdogo:

Mkuu, swali lako limekaa vizuri, ila kabla hujashika kifaa cha kulehemu naomba utenganishe mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya wanapoanza kazi ya namna hii. Jambo la kwanza ni kukipatia kisomaji redio. Jambo la pili ni kukifanya kisomaji kijue la kufanya na redio hiyo. La kwanza lina gharama ndogo na linawezekana siku hizi kuliko wakati wowote uliopita. La pili ndilo linalokwamisha miradi, na kwa kifaa cha mwaka 2007 linakwamisha kwelikweli.

Tuanze na njia yako ya pili, ya kidude cha USB, kwa sababu ndiyo inayovutia zaidi na ndiyo dhaifu zaidi. Katika USB kuna upande unaoongoza mazungumzo, tuuite mwenyeji, na upande unaojibu tu. Kisomaji chako kikichomekwa kwenye kompyuta hujitambulisha kama diski, maana yake ni kwamba kiko upande wa kujibu. Kidude cha Wi-Fi nacho kiko upande huohuo wa kujibu, hivyo ukiviunganisha viwili hivyo hakuna atakayeanza kusema. Zipo chipu ambazo zinaweza kugeuka kuwa mwenyeji pale pini ya nne ya tundu dogo la USB inapounganishwa na ardhi ya saketi, lakini uwezo huo ni lazima uwe umo ndani ya chipu yenyewe, na chipu nyingi za visomaji vya umri huo zilipewa upande wa kujibu peke yake. Hata ukikuta uwezo upo, bado utatakiwa kutoa volti 5 kwenye tundu kutoka kwenye betri yenye volti 3.7, na kidude cha USB 2.0 kinaruhusiwa kudai hadi miliampea 500.

Sasa chukulia kwamba yote hayo umeyatatua. PRS-505 inaendeshwa na Linux ya kampuni ya MontaVista yenye kerneli, yaani kiini cha mfumo, ya mfululizo wa 2.4. Draiva (programu zinazoendesha kifaa) za vidude vya Wi-Fi vinavyopatikana sasa zimejengwa juu ya mfumo uitwao mac80211, ambao uliingia kwenye Linux katika toleo la 2.6.22, mwezi Julai mwaka 2007. Haziwezi kupachikwa kwenye kerneli ya 2.4 kwa kuzikusanya upya (compile) tu, kwa kuwa msingi zinaoutegemea haupo kabisa. Ungelazimika kutafuta kidude cha kizazi cha zamani sana ambacho draiva yake iliandikwa kwa ajili ya kerneli hizo, kisha uikusanye kwa toleo lilelile hasa linalotumika ndani ya kifaa, vinginevyo kerneli itaikataa moduli hiyo papo hapo.

Na baada ya hapo ndipo unakutana na kikwazo ambacho hakionekani kwenye bodi wala kwenye mchoro wa saketi. Seva yako bila shaka unaifikia kwa HTTPS. HTTPS hulindwa na usimbaji uitwao TLS. Toleo la TLS 1.2 lilitangazwa Agosti 2008, yaani baada ya kisomaji chako kuwa tayari kimeingia sokoni, na Machi 2021 matoleo ya 1.0 na 1.1 yaliondolewa rasmi kwenye matumizi kupitia waraka wa RFC 8996. Kwa hiyo hata kama ungepata njia ya kukifikisha kifaa kwenye intaneti, maktaba yoyote ya usimbaji ya umri wake itakataliwa mlangoni na seva za leo. Ungehitaji kuingiza maktaba mpya, uikusanye kwa ajili ya kichakataji chake, na uombe kumbukumbu itoshe. Wala kifaa hakina kivinjari au programu ya kuchukua vitabu mtandaoni. Hiyo nayo ungeiandika mwenyewe.

Siyasemi haya ili kukukatisha tamaa, kwa sababu lengo lako ni zuri na linafikika. Ninachosema ni kwamba wewe huhitaji kisomaji kiwe na mtandao. Unahitaji faili ifike kwenye kumbukumbu yake. Ukilitazama jambo kwa upande huo, swali linakuwa ni wapi uiweke redio ili kisomaji kisijue kabisa kwamba ipo.

Fundi_Saketi:

Naunga mkono hoja ya mkuu hapo juu kuhusu kerneli, na nataka kuongezea kuhusu kadi ya SD yenye Wi-Fi, kwa kuwa ndiyo njia pekee kati ya zile tatu ambayo haihitaji kugusa programu ya kisomaji hata kidogo.

Kadi hizi ziko za aina kadhaa na hazilingani. Kadi za Eye-Fi, zilizotoka mwaka 2007, zilitengenezwa kwa ajili ya kamera, na kazi yake ni kutoa picha kwenye kadi kuzipeleka kwingine, yaani mwelekeo ulio kinyume na unaoutaka wewe. Kadi za FlashAir za Toshiba, zilizoanza mwaka 2012, zinaweza kupokea. Ndani yake kuna folda iitwayo SD_WLAN yenye faili ya CONFIG, na ukiandika humo UPLOAD=1 kadi inakubali kupokea faili kupitia ukurasa wake wa upload.cgi. Kizazi chake cha tatu kinaendesha hata programu fupi zilizoandikwa kwa lugha ya Lua ndani ya kadi yenyewe, kwa hiyo kadi inaweza kwenda kuulizia vitabu vipya bila kusubiri kuletewa.

Ugumu upo mahali ambapo wengi hawapatazamii. Kadi moja inakuwa na waandishi wawili, kisomaji upande mmoja na redio upande wa pili, na mfumo wa faili wa FAT haukuundwa kwa hali hiyo. Kisomaji kinapoanza kuisoma kadi huchukua sehemu ya jedwali la FAT, linaloonyesha faili ipi imekaa wapi, na kuiweka kwenye kumbukumbu yake, kikiamini kwamba hakuna mwingine atakayelibadilisha. Ni sawa na makarani wawili wanaoandika kwenye daftari moja la hesabu kila mmoja akifuata nakala aliyoinakili asubuhi. Redio ikiandika kitabu kipya, kisomaji hakitakiona mpaka kadi ichomolewe na kurudishwa au kifaa kizimwe na kuwashwa. Hilo ni usumbufu tu. Hatari ni pale kisomaji nacho kinapoandika, kwa mfano kinapohifadhi alama ya ukurasa au kinapojenga upya orodha ya vitabu kwenye kadi, kwa kuwa kitaandika juu ya jedwali la zamani na kufuta nafasi ambayo redio imekwisha kuigawa. Matokeo yake ni faili zilizovunjika, na wakati mwingine kadi nzima kutosomeka. Kwa mtu anayejua kompyuta ni jambo la kurekebisha. Kwa mzee anayesoma peke yake nyumbani ni vitabu vyote kupotea, na msaada uko mbali.

Kuna mengine mawili ya kuangalia. Kadi za FlashAir huwa na ukubwa wa GB 8 na kuendelea, hivyo ni za aina ya SDHC, ilhali vifaa vingi vya miaka hiyo viliandaliwa kwa kadi za SD za kawaida zisizozidi GB 2. Jaribu kwanza kadi yoyote ya SDHC kwenye kisomaji chako kabla hujatafuta ile yenye redio. Pili, kisomaji kikilala hukata umeme wa upenyo wa kadi ili kutunza betri, na kisomaji cha wino wa kielektroniki hulala muda mwingi sana kuliko kinavyokuwa macho, kwa kuwa kioo hakihitaji umeme kushikilia maandishi. Redio itapata nafasi ya kufanya kazi kwa vipindi vifupi tu, tena vilevile ambavyo mzee anasoma.

Kuhusu antena, hofu yako ni ya haki. Alumini huzuia mawimbi ya gigahezi 2.4 kikamilifu. Kadi iliyoingia ndani ya upenyo wa juu inapata nafuu kidogo kwa sababu ukingo wake uko karibu na uwazi, lakini umbali utapungua sana. Ukiamua kuweka moduli ndani ya ganda, chagua ile yenye kiunganishi cha antena ya nje, kama ESP32-WROOM-32U, kisha uipitishe antena mahali penye plastiki au kwenye uwazi wa kadi. Robo ya wimbi kwa masafa hayo ni takribani milimita 31, hivyo antena yenyewe si kubwa. Kosa ni kuibandika ikiwa imelala juu ya chuma, kwa sababu hapo haitatoa chochote cha maana.

Nyaya_Tatu:

Mimi naona njia ya siriali imesahauliwa mapema mno, na ningependa itendewe haki, kwa sababu ndiyo njia inayokupa kuingia ndani ya kifaa na kukielewa.

Poti ya siriali kwenye bodi za aina hii huonekana kama vidoa vitatu au vinne vya shaba vilivyopangwa mstari, visivyolehemiwa kitu. Kabla ya yote chomoa betri, na unapolifungua ganda usitumbukize bisibisi kati ya fremu na kioo, kwa kuwa vioo vya wino wa kielektroniki vya kizazi hicho vimejengwa juu ya bamba jembamba la kioo halisi na hupasuka kwa mkunjo mdogo tu. Mpasuko wake hauonekani kwa juu. Utauona kifaa kikiwaka, pale nusu ya ukurasa inapobaki na mistari isiyofutika. Baada ya kufungua, tafuta kidoa cha ardhi kwa multimita iliyowekwa kwenye mlio, ncha moja ikiwa kwenye ukingo wa chuma wa tundu la USB. Kisha rudisha betri, washa kifaa, na upime volti za vidoa vilivyobaki. Kidoa cha kutuma hutulia kwenye volti ya mantiki ya bodi na huyumba kwa sekunde chache wakati kifaa kinawaka, kwa sababu kerneli inamwaga maelezo yake hapo. Andika volti uliyoipata. Ikiwa ni 3.3 au karibu yake, ESP32 itaongea nayo moja kwa moja. Ikiwa ni 1.8, weka kibadilisha volti katikati, kwa sababu ukituma 3.3 kwenye pini ya 1.8 unaweza kuua kichakataji.

Ukishapata mazungumzo, ESP32 inashughulikia Wi-Fi na TLS yote upande wake, na kisomaji kinapokea mkondo wa baiti tu. Hoja ya TLS iliyotolewa hapo juu inakuwa imekwisha, na hoja ya draiva pia, kwa sababu siriali haihitaji draiva mpya.

Nakubali kwamba kasi ni ndogo. Kwa biti 115,200 kwa sekunde, ukihesabu biti 10 kwa kila baiti moja, unapata baiti 11,520 kwa sekunde. Riwaya ya EPUB isiyo na picha, yenye kilobaiti 500, itaingia kwa sekunde 45 hivi. PDF iliyoskaniwa yenye megabaiti 30 itachukua takribani dakika 45, na muda wote huo kisomaji kitakuwa macho kikila betri. Kwa msomaji wa riwaya sioni tatizo hapo.

Umeme ndio unaotaka uangalifu zaidi. Espressif, watengenezaji wa ESP32, wenyewe wanashauri chanzo chenye uwezo wa kutoa miliampea 500 au zaidi kwa ESP32, kwa sababu redio inapotuma huvuta mkondo mkubwa kwa muda mfupi sana. Usichukue umeme huo kwenye njia ya 3.3 ya kisomaji, kwani volti yake itazama na kifaa kitajizima na kuwaka upya katikati ya kazi. Chukua kwenye betri yenyewe kupitia kidhibiti volti cha peke yake, na hapo chagua kwa makini: AMS1117, ambacho kimezagaa kila mahali, kinahitaji kuingiziwa volti inayozidi ile inayotoka kwa karibu volti 1.1, hivyo betri ya lithiamu yenye 3.7 haitoshi kukipa 3.3. AP2112 ya 3.3 inafaa, kwa kuwa inatoa hadi miliampea 600 na tofauti inayohitaji ni ndogo. Weka na kapasita ya mikrofaradi 100 au zaidi pembeni kabisa mwa moduli.

Mkondo_Mdogo:

Nyaya_Tatu ameeleza kazi ya siriali kwa ufasaha, na kwa mtu anayekifanyia kifaa chake mwenyewe ningemwambia aendelee. Lakini tukumbuke anayekitumia ni nani. Ili faili zipokelewe kwa siriali, lazima kuwe na programu inayozisubiri ndani ya kisomaji, hivyo utabadilisha mfumo wake wa ndani. Betri ile ya miaka mingi itabebeshwa redio. Na siku kitakapokwama, anayeweza kukirekebisha hayupo pale.

Karatasi_Pana, baba yako anakichaji vipi? PRS-505 huchaji kupitia USB. Kama tayari ana mazoea ya kuchomeka kebo, basi redio iweke upande wa pili wa kebo hiyo, kwenye chaja, na kisomaji usikifungue kabisa. Raspberry Pi Zero W, kompyuta ndogo ya bodi moja iliyotoka Februari 2017, ina Wi-Fi ya gigahezi 2.4 na inaweza kuwa mwenyeji wa USB. Kisomaji kikichomekwa kitajitokeza kwake kama diski, naye atanakili vitabu vipya na kukiachia. Una bahati kuwa na 505, kwa sababu mtangulizi wake PRS-500 hakujitokeza kama diski. Alitumia itifaki yake binafsi, na ndiyo iliyomfanya Kovid Goyal aanze kuandika mwaka 2006 programu ya libprs500, ambayo leo tunaijua kama Calibre, programu ya kupanga na kubadilisha vitabu vya kielektroniki.

Karatasi_Pana:

Nawashukuru sana nyote. Sikuwa nimeitazama chaja kabisa, na kumbe jibu liko pale. Baba hukichaji usiku, kebo inabaki kwenye meza ya kitanda muda wote, kwa hiyo kwake hakuna kitakachobadilika. Naichukua njia hiyo, na maelezo ya siriali nayahifadhi kwa kisomaji kingine nitakachokifanyia majaribio mwenyewe.

Nabaki na wasiwasi wa mambo mawili. Kisomaji kikiwa kimeunganishwa kama diski hakifungui vitabu, sasa asubuhi mzee akikuta kimekwama kwenye hali hiyo atadhani kimeharibika. Na je, akichomoa kebo wakati Pi inaandika, si tumerudi kwenye tatizo lilelile la mfumo wa faili kuvunjika?

Mkondo_Mdogo:

Yote mawili yana dawa, na nitaanza na la pili kwa sababu ndilo lenye madhara.

Pi isiwe inapakua kitabu kutoka kwenye seva yako na kukiandika kwenye kisomaji kwa wakati mmoja. Ipakue kwanza kitabu kizima kwenye kadi yake yenyewe, kwa TLS ya kisasa na bila haraka, hata kama intaneti inakatikakatika. Kisomaji kikichomekwa, vitabu viwe tayari vimekamilika, ili uandishi wenyewe uchukue muda mfupi. Tumia rsync, programu ya kunakili faili zilizobadilika tu, kwa kuwa kwa kawaida yake huandika faili kwa jina la muda na kulibadilisha pale tu faili inapokamilika, hivyo kitabu nusu hakitaonekana kwenye orodha. Iongezee chaguo la --modify-window=1, kwa sababu FAT huhifadhi saa ya faili kwa hatua za sekunde mbili, na bila chaguo hilo rsync itaona tofauti ya sekunde moja na kunakili upya vitabu vilevile kila usiku. Majina ya faili nayo yasafishe mapema huko kwenye seva, kwa kuwa nukta pacha na alama ya kuuliza hazikubaliki kwenye FAT. Kabla ya kuandika chochote endesha fsck.fat, inayokagua mfumo wa faili, na ikikuta hitilafu isiyoweza kuitengeneza, Pi iache kuandika na ikutumie wewe ujumbe.

Kisomaji hujitokeza kama diski zaidi ya moja, yaani kumbukumbu ya ndani na kila kadi iliyomo, kwa hiyo usitegemee majina ambayo Linux huzipa diski, kama sda na sdb, ambayo hubadilika. Tambua diski kwa UUID yake, yaani namba yake ya utambulisho isiyobadilika. Kumbukumbu ya ndani ni ya MB 256 na si yote inayopatikana kwa mtumiaji, kwa hiyo weka kikomo cha vitabu, au mwekee kadi ya SD ya kawaida na uandike humo. Wala usisakinishe Calibre kwenye Pi Zero W, kwa sababu kumbukumbu yake ya MB 512 itaelemewa bila sababu. Kazi ya kubadilisha miundo ya vitabu ibaki kwenye kompyuta yako, na Pi ipokee EPUB zilizokwisha kuandaliwa.

Kwa wasiwasi wa kwanza, ukimaliza kunakili endesha sync (kumalizia uandishi), kisha umount kwa kila diski (kuitenganisha na mfumo), kisha eject (kuiachilia). Baada ya kuachiliwa, kisomaji hupekua kumbukumbu yake na kujenga upya orodha ya vitabu. Ili uwe na hakika zaidi kwamba hakitarudi kwenye hali ya diski, ukate umeme wa volti 5 kwenye tundu kwa sekunde chache na kuurudisha, huku kanuni yako ya udev (inayoianzisha kazi pale kifaa kinapochomekwa) ikiwa imezimwa mpaka usiku unaofuata. Pi Zero haiwezi kukata umeme huo yenyewe, kwa kuwa volti 5 za tundu lake zimeunganishwa moja kwa moja na chanzo chake cha umeme. Utaweka MOSFET ya aina ya P, yaani transista inayofanya kazi kama swichi, kwenye waya wa volti 5 wa kebo.

Hapo kuwa makini. Pini za Pi hutoa volti 3.3. Ukiiunganisha pini moja kwa moja na geti (mguu wa kuamuru) la MOSFET ambayo upande wake wa kuingilia umeme una volti 5, hata ukiiamuru izimike bado kutakuwa na tofauti ya volti 1.7 kati ya geti na chanzo, na MOSFET nyingi kwa tofauti hiyo hazifungi kabisa. Umeme utaendelea kuvuja na kisomaji kitabaki katikati, hakijaunganishwa wala hakijaachiliwa. Weka transista ndogo ya NPN iivute geti kwenda kwenye ardhi, na kizuizi cha kiloomu 10 kinachoirudisha geti kwenye volti 5. Ukifanya hivyo pini ya Pi ikiwa juu umeme unapita, ikiwa chini umekatika kabisa.

Fundi_Saketi:

Ongeza taa ndogo ya LED kwenye kasha la chaja, iwake wakati wa kuandika tu. Mzee aambiwe sentensi moja, kwamba taa ikiwaka asubiri. Na kasha lenyewe liwe la plastiki, mbali na meza ya chuma, kwa sababu antena ya Pi Zero W imechorwa kwenye bodi yenyewe na huwezi kuihamisha.

Nyaya_Tatu:

Kasha liwe na matundu ya hewa pia. Na ukishamaliza, naomba utuwekee hapa mchoro wa saketi ya MOSFET pamoja na kanuni ya udev, kwa kuwa vifaa vyote vinavyojitokeza kama diski vinaweza kunufaika na chaja hiyohiyo bila kubadilisha zaidi ya UUID.